Sindano ya Nguvu

Jumatatu, 8 Februari 1971

Maziwa yamefika Turbo kabla ya jua. Pikapu ilikataa kuwaka, nikaisukuma mpaka mteremkoni. Nimerudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyelima tangu jana, na kazi ya siku bado haijaanza. Trekta ya kukodi inakuja kesho kupasua shamba la juu. Dukani kwangu hakuna chumvi wala mafuta ya taa. Kamati imeita mkutano tena. Mipaka. Siku hizi ni mipaka tu.

Nimevua shati mbele ya kioo cha bibi yangu Wambui, nikaona tumbo la mtu mwingine. Nina miaka arobaini na moja.

Jana tena sikuweza. Wambui aligeukia ukutani. Afadhali angesema kitu.

Alhamisi, 18 Februari

Mkutano wa shamba umekwisha bila maana. Sisi watu wa Nyeri tulichanga pamoja, tukanunua shamba hili la mzungu hapa Chepsaita mwaka wa sitini na sita, na sasa tunagawana kila mtu apate kipande chake. Mwenyekiti ni Mzee Kamau. Leo karani alikuwa anaandika majina ya watoto wa kila mwenye shea. Nilipomtaja Njeri peke yake, Mzee Kamau akauliza kama huyo msichana ndiye atakayeshika jembe. Watu walicheka. Na mimi nikacheka.

Njeri alikuwa na miaka minne tulipohamia. Sasa ana tisa. Tangu tuje huku, Wambui hajashika mimba hata mara moja.

Nilipitia baa kabla ya kurudi. Chupa nne, kama kawaida. Nalala nikishafunga duka na kumaliza chupa zangu, naamka saa kumi kukamua. Nina aibu na sijui nimpe nani aibu hii.

Jumamosi, 27 Februari

Wafula amekuja kuchukua maziwa yake. Ni mtu wa Bungoma, karani katika kiwanda kimoja mjini, rafiki yangu tangu mwaka tuliofika. Tuliketi nyuma ya duka. Sijui ilikuwaje nikamwambia. Sio yote. Nilimwambia nimechoka, mwili umelegea, nyumbani hakuna amani.

Alielewa mara moja. Akasema kuna mtu mjini anaitwa Hezekia, watu wanamwita Dokta, anadunga sindano ya nguvu. Eti wanaume wanaingia wazee, wanatoka vijana. Eti kuna mmoja wa kiwandani kwao amepata mapacha.

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshaamua.

Ijumaa, 12 Machi

Nimeenda.

Chumba kiko nyuma ya duka la fundi wa nguo, karibu na soko la Eldoret. Benchi moja. Wanaume wanaketi wakiangalia sakafu, hakuna anayesalimia. Hezekia ni mfupi, amevaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Anasema alikuwa msaidizi wa daktari jeshini. Hakunipima damu, hakunishika mkono, hakuniuliza kama nina ugonjwa. Aliuliza tu kama bibi ni mmoja.

Dawa ni mafuta, ya rangi ya manjano, ndani ya kichupa kidogo chenye maandishi ya lugha nisiyoijua. Sindano ilitoka kwenye sufuria ya maji ya moto juu ya stovu. Ni hiyo moja kwa watu wote. Alinidunga kwenye tako. Yaliingia polepole kama asali baridi. Nirudi baada ya wiki mbili.

Akaniambia nisimwambie mama wa nyumbani. Dawa ya mwanaume ni siri ya mwanaume.

Sikumwambia. Nilimwambia nilienda kutafuta mbegu za mahindi.

Jumapili, 28 Machi

Sindano ya pili imeshaingia na mimi si yule wa mwezi jana. Nimebeba gunia la mbolea kutoka kwenye pikapu mpaka stoo peke yangu. Nimepanga kuni. Nimetengeneza lango. Sitaki kukaa.

Na nyumbani. Wambui alicheka kizani kama alivyokuwa akicheka tulipooana. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia ni hewa ya mvua.

Nina furaha. Halafu kila asubuhi nachungulia kama nguvu bado ipo, kama mtu aliyeiba kuku.

Jumatano, 14 Aprili

Mahindi yote yamepandwa. Nimefanya kazi na vibarua bila kupumzika.

Vipele mgongoni. Vikubwa, vina usaha, kama vya kijana anayebaleghe. Wambui alitaka kuvipaka mafuta, nikakataa, nikasema ni jasho. Usingizi umepungua zaidi. Nalala, macho yanafunguka, moyo unapiga kama nimekimbia.

Lakini nguvu ipo. Ninaogopa iishe. Nimemwomba Hezekia anidunge kila wiki. Alikubali upesi, hakufikiria hata kidogo.

Jumanne, 4 Mei

Nilikuwa na hakika mwezi huu. Wambui pia, ingawa hakusema. Leo nimemkuta jikoni amefua vitambaa vyake vya hedhi, machozi yanatiririka, na anasonga ugali kana kwamba hakuna kitu. Nilisimama mlangoni. Kisha nikatoka.

Jioni Njeri alimwaga maziwa kidogo. Nilimfokea mpaka akajificha chini ya meza. Mtoto wangu, chini ya meza. Sauti iliyotoka sikuitambua.

Kifua kinauma nikikigusa, hapa kwenye chuchu. Kichwa kinagonga. Uso umekuwa mwekundu, hata wateja wanauliza kama ni jua.

Jumamosi, 22 Mei

Siandiki vizuri leo.

Mkutanoni leo Mzee Kamau alisema kipande changu kitapungua kidogo upande wa mto ili barabara ipite. Kitu kidogo. Kila mtu amekatwa. Kabla sijajua, nilikuwa nimevuka meza na mkono uko juu. Nilitaka kumpiga mzee mwenye umri wa baba yangu. Watu wawili walinishika. Yeye hakurudi nyuma. Aliniangalia tu, akaniuliza kwa Kikuyu kama ninaumwa.

Nikasema siumwi.

Nimetoka bila kofia. Hakuna aliyenifuata. Kamati itaamua kama nibaki kwenye hesabu ya wanachama. Shamba lote, jasho la miaka yote, kwa sababu ya barabara ya ng'ombe. Ninajichukia. Zaidi ya hapo ninaogopa, kwa sababu haikuwa kama hasira. Ilikuwa kama kusukumwa na mtu kutoka nyuma.

Jumatatu, 7 Juni

Nitaandika waziwazi, hapa hakuna msomaji.

Korodani zangu zimepungua. Nimegundua nikioga. Mwanzoni nilifikiri ni baridi ya Juni. Sio baridi. Zimekuwa ndogo na laini.

Nilienda kwa Hezekia mbio. Alicheka. Akasema mashine inapumzika kwa sababu sasa inasaidiwa, nisijali, wote huwa hivyo. Akaongeza dawa.

Nikakubali. Hilo ndilo linalonitisha nikilifikiria sasa. Nililala kifudifudi juu ya kitanda chake huku ninaogopa, na nikakubali.

Jumapili, 20 Juni

Mguu wa kushoto unauma nyuma, kwenye nyama ya chini ya goti. Tangu juzi. Leo umevimba, kiatu hakiingii. Una joto. Wambui anasema twende hospitali. Nimemwambia ni jembe, nilikanyaga vibaya.

Wafula yuko njiani anakuja kututembelea. Nitavaa champali, viatu vya wazi.

Jumatano, 23 Juni

Hospitali, Eldoret. Wambui ameniletea daftari kwa sababu nilimwomba, hakuuliza kwa nini.

Jumapili ilikuwa hivi. Tulikuwa tunakula. Nilisimama kumchotea Wafula maji, na kisu kikanichoma ubavuni. Ndivyo nilivyohisi. Pumzi ikakatika. Nilivuta hewa, haikuingia. Nikakohoa, damu kidogo kwenye kiganja. Njeri alikuwa anaangalia.

Wafula ndiye aliyeendesha pikapu. Wambui alikaa katikati, amenishika kwa mikono miwili kama mzigo unaotaka kuanguka. Barabara ilikuwa matope matupu. Nilifikiri ninakufa kabla ya mjini. Sikufikiria shamba hata kidogo. Nilifikiria kwamba Wambui hajui kinachoniua.

Nikamwambia Wafula, kwa pumzi niliyokuwa nayo, kwamba ni sindano. Nikamwuliza kama yeye naye mguu ulimvimba.

Alikwepa shimo kwanza. Halafu akasema, "Mimi sijawahi kudungwa, ndugu yangu. Nilisikia tu watu wakisema."

Wambui akauliza, "Sindano gani?"

Wafula akaongeza mwendo.

Ijumaa, 25 Juni

Ninapumua vizuri zaidi. Wananipa dawa ya kuzuia damu isigande. Kila mahali waliponidunga pana alama nyeusi.

Daktari ni kijana kuliko mimi, mwenye miwani, anaongea taratibu. Ameniambia damu iliganda ndani ya mguu, kipande kikakatika na kupanda mpaka kwenye pafu. Kingekuwa kikubwa zaidi, ningekufa palepale kwenye meza. Aliuliza ninameza nini, nadungwa nini. Wambui alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Nilimwambia daktari yote mbele yake. Sikuweza kumwangalia.

Akanieleza. Neno jipya kwangu, homoni. Mwanaume huitengeneza mwenyewe, ndani ya korodani, kwa amri inayotoka kichwani. Ikiingia nyingi kutoka nje, kichwa kinaona imetosha, kinaacha kutoa amri. Korodani zinalala, zinasinyaa. Damu inakuwa nzito. Ule wekundu usoni, kichwa kugonga, vipele, kifua kuuma, hasira, vyote vinaweza kutoka hapo. Kuganda kwa damu pia kunaweza kutoka hapo. Alisema hawezi kuapa kwamba ni sindano peke yake, kwa sababu hata uzito wangu na kukaa sana kwenye pikapu vinachangia, ila kama angekuwa mimi asingeguswa tena na sindano hiyo.

Akasema wako watu ambao kweli miili yao haitengenezi, na hao wanatibiwa kwa dawa hiyohiyo. Lakini wanapimwa kwanza, na damu yao inaangaliwa kila mara. "Wewe hakuna aliyekupima. Hatujui hata kama ulikuwa na upungufu."

Kisha akauliza kama tulikuwa tunatafuta mtoto.

Wambui ndiye aliyejibu. Ndiyo, alisema. Miaka mitano.

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Mama, mwili ukiacha kupewa amri, mbegu nazo hazitengenezwi. Hizi sindano zimewafungia mlango ule mliokuwa mnaubisha."

Wambui alisimama, akatoka nje. Nilisikia viatu vyake mpaka mwisho wa ukumbi.

Jumanne, 29 Juni

Hakuja Jumamosi. Hakuja Jumapili wala jana. Nilikuwa na hakika ameenda kwao.

Leo amekuja na githeri ya mahindi na maharagwe kwenye mkebe. Alisubiri nile kwanza. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Alisema miezi hii yote aliamini nina mwanamke mjini. Zile safari za Ijumaa. Nguvu ya ghafla. Kukataa kuguswa mgongo. Alikuwa ameshapanga nguo zake na za Njeri ndani ya sanduku, akingoja mahindi yavunwe.

"Ungekuwa na mwanamke ningejua la kufanya," alisema. "Lakini ulienda kujiua kwa siri ili unifurahishe. Sasa mimi nikukasirikie vipi?"

Nikamwambia nilikuwa na aibu.

"Na mimi nilikuwa na aibu. Nilifikiri ni mimi nisiyetamanika tena."

Tumekaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala. Sijawahi kuongea na bibi yangu maneno haya kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, na nimekuja kuyaongelea kwenye wadi ya wanaume, harufu ya dawa imejaa kila mahali.

Alhamisi, 15 Julai

Niko nyumbani. Mguu umefungwa bendeji. Kila wiki narudi kupimwa damu.

Daktari alitaka kupima mbegu. Walinipa chupa na choo cha nyuma. Sitaandika zaidi. Majibu ni leo. Hakuna kitu. Aliangalia mara mbili. Hakuna hata moja.

Nikauliza kama zitarudi. Alisema kwa watu wengi hurudi, wengine huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, wachache hazirudi kama zamani. Hakutaka kuniahidi. Nilitamani aniahidi, hata kwa uongo.

Nimemwambia Wambui barabarani. Aliniuliza tununue sabuni ya kipande au ya unga. Nilijua amesikia.

Jumatatu, 9 Agosti

Daktari alinionya kuhusu hiki kipindi, lakini kuonywa si sawa na kukiishi. Dawa imetoka mwilini na mwili wenyewe bado umelala. Sina kitu. Sina nguvu ya mikono, sina hamu ya bibi, ya chakula, ya kuongea. Jana nilimwona ndama amezaliwa nikalia. Mtu mzima, zizini, natoa machozi kwa sababu ya ndama.

Wafula alikuja wiki iliyopita. Hakujua aketi wapi. Aliniletea mkombero, ule mzizi wa kwao wanaoutafuna wakitafuta nguvu, ameufunga kwenye gazeti. Akasema anajua hautoshi. Nilitaka kumfukuza. Halafu nikaona mikono yake inavyoshika lile gazeti, nikamwambia akae.

Mzizi nilimpelekea daktari kabla ya kuutafuna. Alicheka, akasema hajui utafiti wowote wa kunihakikishia, na kwa kuwa nameza dawa ya damu, nisiweke mdomoni mzizi, majani wala unga wa mtu yeyote bila kumwonyesha. Kisha akaniuliza mambo ambayo Hezekia hakuuliza. Nalala saa ngapi. Naamka saa ngapi. Nakunywa kiasi gani. Nakula nini mchana. Nina wasiwasi gani.

Nilipomaliza kujibu alifunga kalamu yake. Akasema mtu anayelala muda mfupi hivyo miaka mitano mfululizo, na chupa nne kila jioni, na tumbo hili, na shamba kichwani, hahitaji mganga wa kumwambia kwa nini amechoka. Homoni nyingi hutengenezwa mtu akiwa amelala. Pombe huipunguza. Mafuta ya tumboni huipunguza. Wasiwasi pia.

Dawa aliyonipa ni usingizi. Nitembee kila siku mguu ukikubali. Nibebe vitu, kidogo kidogo, misuli ifanye kazi. Mayai, maharagwe, samaki wakipatikana, nyama kiasi, mboga. Pombe niache sasa kabisa kwa sababu ya dawa. Nipunguze tumbo polepole, sio kwa kujinyima chakula. Na nikiwa na neno, nilitoe.

Nilikasirika. Nilitaka chupa ya dawa, ananipa usingizi.

Jumamosi, 21 Agosti

Leo nimefanya ujinga. Karibu.

Nilienda mjini kupimwa damu, na miguu ikanipeleka soko. Nyuma ya duka la fundi. Benchi lilelile. Nikaketi. Nilijiambia ni moja tu, ya kunitoa kwenye hili shimo, kisha basi. Nilikuwa nimeamini kabisa.

Kando yangu aliketi mwanaume wa miaka kama thelathini, mwalimu, nadhani, vidole vina chaki. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama dawa inafanya kazi kweli. Akasema bibi yake hajapata mtoto.

Nikaanza kuongea. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia inafanya kazi, mwanzoni. Nikamwonyesha mguu, bado ni mnene kuliko mwenzake. Nikamwambia kuhusu pafu. Nikamwambia waliponipima, hawakukuta mbegu hata moja. "Ukitaka mtoto," nilimwambia, "hapa ndipo mahali pa mwisho pa kuja. Nenda hospitali, wakupime wewe na mama."

Benchi zima lilikuwa linasikiliza na kuangalia sakafu. Mwalimu aliniuliza nimetumwa na nani. Akahamia upande wa pili.

Hezekia alifungua pazia, akaniona. Alinikaribisha kama mteja wa zamani. Nilisimama nikatoka. Nje jasho lilinitoka kama maji. Mwalimu alibaki ndani. Nilingoja ng'ambo ya barabara, nikitumaini atatoka. Nilingoja sana. Nilipokuwa naondoka bado hajatoka, na sijui alifanya nini, na najua nitaendelea kujiuliza.

Jumanne, 14 Septemba

Nimepatana na majirani wawili. Tunapokezana kupeleka maziwa Turbo. Siku ambazo si zamu yangu nalala mpaka kukucha. Wiki ya kwanza nilikuwa nalala macho wazi, nikisikia pikapu ya mwingine ikipita na kudhani nimepoteza kitu. Sasa nalala kweli. Duka linafungwa jua likizama. Wateja walinung'unika, wakazoea.

Baa sipiti. Hii ndiyo ngumu. Sio pombe, ni watu.

Natembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi, Njeri ananifuata na kuongea bila kupumua kuhusu mwalimu wake. Ananiogopa bado kidogo. Nikiinua sauti kumwita ng'ombe, mabega yake yanapanda. Naona. Sisemi kitu, ninapunguza sauti.

Leo nimeenda kwa Mzee Kamau. Nilijiandaa kusimama mlangoni. Aliniingiza, akaniwekea kiti. Nilimwambia yote, hata ya sindano. Nilifikiri atacheka kama watu walivyocheka siku ya majina. Hakucheka. Alikuna kidevu, akasema alijua siku ile kwamba sio mimi, ndiyo maana aliuliza kama ninaumwa. Kamati haijanifuta. Barabara itapita kwangu. Nimesema ipite.

Nilipokuwa naaga, aliniuliza polepole, bila kuniangalia, huyo Hezekia anakaa wapi hasa. Nikamwambia wewe Mzee usiende. Akasema si yeye, ni mwanawe, ameshaenda mara tatu. Kesho tunampeleka hospitali pamoja.

Jumatano, 3 Novemba

Kupimwa tena. Wambui alikuja nami, akakaa nje kwenye benchi la wanawake.

Sikuwa nimelala vizuri kwa wasiwasi, nikawa na wasiwasi kwamba sikulala. Mikono baridi. Mtu wa maabara alichukua muda mrefu. Daktari aliingia kuangalia mwenyewe, kisha akaniita. Sikutegemea hivyo. Nilitegemea aje na karatasi.

Akaniambia niinamie ile mashine yao ya kukuza vitu vidogo, nifunge jicho moja. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu mwanga. Halafu, ndani ya mwanga, kitu chembamba kinajisukuma. Kikapotea. Kingine. Kimoja kilikuwa kinazunguka mahali pamoja kama kimepotea njia.

Daktari alisema ni chache, chini sana ya zinazotakiwa. Nisishangilie. Turudi baada ya miezi mitatu. Lakini amri imeanza kutoka, mwili unaitika.

Nikamwuliza kama Wambui anaweza kuingia. Haikuwa kawaida yao, nadhani, lakini alimwita. Wambui aliinama, akashika kitambaa chake cha kichwa kisianguke, akaangalia muda mrefu kuliko mimi.

"Zinatembea," alisema.

Tulirudi kwa pikapu. Alikuwa ameshika mkono wangu juu ya gia, nikawa nashindwa kubadilisha, na sikumwambia autoe.

Jumapili, 12 Desemba

Nimepungua, mkanda umeingia matundu mawili. Daktari ameniondolea dawa ya damu. Mguu huvimba jioni nikisimama sana, amesema huenda ukabaki hivyo. Mtoto wa Mzee Kamau ameacha sindano, naye hana raha, naenda kukaa naye Alhamisi. Mtoto tunayemtafuta, hakuna habari. Huenda isiwepo. Wambui amesema tusihesabu siku, na mimi nimejaribu.

Leo sikuwa na zamu. Nimeamka jua limeshaingia dirishani, na mwili umeamka wenyewe, bila sindano, bila kuitwa na mtu. Nililala kimya, ninaogopa kusogea. Wambui alikuwa macho, akanisogelea, akacheka. Njeri alikuwa ametangulia na watoto wa jirani.

Tulichelewa kanisani. Tukakaa nyuma kabisa.